Dhima ya Mmoja Ndani ya Kundi

Maneno ayasikiayo mara nyingi wakili anayewatetea watu walioshtakiwa kwa kuua wakiwa wengi si kwamba mshtakiwa hakuwako, wala si kwamba hakukusudia, ni yale asemayo mama mzazi nje ya mlango wa mahakama, kwa sauti ya mtu anayedhani kwamba amekwisha kuimaliza kesi: "Wakili, mwanangu alikuwa amesimama tu." Sheria zetu za Afrika ya Mashariki, pamoja na wingi wa vitabu na hukumu zake, bado hazijamjibu mama huyo kwa insafu, na mimi naona kwamba kazi yote ya utetezi katika kesi za namna hii, ukiiondolea mapambo yake, ni kumtoa mtu mmoja ndani ya kundi, akaonekana kwa saa yake, mahali pake, kitendo chake na ujuzi wake, kabla ya mahakama kulitamka neno la hukumu.

Nimeichagua Busasamana kuwa mahali pa kulitazamia jambo hili, wala si kwa kubahatisha. Tarafa hiyo iko kaskazini ya wilaya ya Rubavu, ile ambayo wakubwa wetu waliizoea kwa jina la Gisenyi, juu katika ardhi nyeusi ya volkeno ifaayo kwa viazi mbatata, nayo imepakana na Kongo kiasi kwamba mwenye shamba la mwisho aweza kumwamkia jirani yake wa nchi nyingine bila ya kupaza sauti. Vikundi vya watu wenye silaha vimeipitia nchi hiyo zaidi ya mara moja: mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliikumba Gisenyi tangu tarehe 7 Aprili, mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena Desemba, wakimbizi wa Kitutsi waliotoka Kongo waliuawa kwa mamia katika kambi ya Mudende iliyo jirani, mwanzoni mwa 1998 watawa wa kike wakauawa Busasamana penyewe, na Juni 2014 majeshi ya nchi mbili yakarushiana risasi mpakani hapo. Fauka ya hayo, maisha yenyewe ya mahali hapo ni ya ushirika, kwani watu hulima bega kwa bega, hukusanyika kwa umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na usiku wanaume hutoka kwenda irondo, yaani ulinzi wa zamu, nao hawatoki mmoja mmoja. Mahali kama hapo, kuwa pamoja na wengine si dalili ya jambo lolote. Ndiyo hali ya kawaida ya mwanadamu tangu alfajiri mpaka usiku.

Tuseme basi, na huu ni mfano wa kutunga usiomhusu mtu yeyote, kwamba vijana wanane wa tarafa hiyo walivuka usiku kwenda kuchukua marobota ya mitumba, ambayo wenyewe huiita caguwa, ili waiingize kwa njia za panya bila ya kulipa ushuru. Kwamba mmoja wao alikuwa na panga, jambo ambalo katika nchi ya wakulima halimshangazi mtu. Kwamba wakati wa kurudi walikutana na walinzi wa irondo, wakaamriwa wasimame, na katika giza na makelele yule mwenye panga akampiga mlinzi mmoja akafa. Na kwamba wawili katika wale wanane walikuwa nyuma, hatua mia mbili hivi, kwa sababu kamba ya mzigo wao ilikuwa imefunguka, hata walipofika wakamkuta mtu amelala chini na wenzao wamekwisha kutawanyika, nao wakaitua mizigo wakakimbia. Kulipopambazuka watano walikuwa wamekamatwa, watatu hawajulikani waliko, na katika watano hao wamo wale wawili wa nyuma, ambao kukimbia kwao kulicheleweshwa na kule kufika kwao mwisho. Je, washtakiwe kwa magendo au kwa kuua?

Sheria ya Rwanda ya 2018 kuhusu makosa na adhabu kwa jumla, ambayo imekulia katika mapokeo ya Kibelgiji, humpambanua aliyetenda pamoja na mwenziwe na yule aliyesaidia kwa kujua, na katika hali zote mbili hudai kionekane kitendo cha mtu mwenyewe. Na Katiba ya nchi hiyo ya 2003 ilikuwa imetamka waziwazi kwamba dhima ya jinai ni ya mtu binafsi. Kwa maandishi, basi, wale wawili wana kimbilio. Lakini mauaji ya kukusudia huko adhabu yake ni kifungo cha maisha, na mwendesha mashtaka mwenye pupa aweza kukiona hicho kitendo cha kusaidia hata katika kubeba robota.

Vijana hao hao wangalikamatwa Kigoma au Busia, mambo yangalikuwa mazito zaidi. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 21 cha ile ya Kenya, na mwenzao wa Uganda, vyote vyasema takriban neno moja: kwamba watu wawili au zaidi wakifanya nia ya pamoja ya kutekeleza jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa la namna ambayo kutendeka kwake kulitazamiwa kuwa ni matokeo ya jambo lile, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa ndiye aliyelitenda. Maneno hayo hayakuzaliwa kwetu wala hayakuzaliwa Uingereza. Asili yake ni kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, huko Australia, ikapitishwa mwaka 1899, kisha ikasafirishwa na maofisa wa makoloni mpaka ikatufikia mnamo 1930. Msomaji na atazame yaliyofichika ndani yake: sheria haiulizi kama yule kijana wa nyuma alijua kwamba damu itamwagika, wala haiulizi kama aliridhia, yauliza tu kama mtu mwenye akili timamu, ameketi mahakamani mchana akijua yote yaliyotokea, angeona kwamba jambo lile lilielekea kutokea. Na mtu aliyekwisha kuyajua matokeo ni nadra kusema kwamba hayakuelekea kutokea.

Kwa ajili hiyo mawakili wengi wa kwetu walishangilia mno walipopata habari za hukumu ya Jogee, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 18 Februari 2016. Ameen Jogee alikuwa amehukumiwa kwa mauaji yaliyotokea Leicester mwaka 2011, ambapo kisu kilichomwua mtu kilishikwa na mwenziwe, naye Jogee akiwa mlangoni akimtia hamasa. Na majaji wale walitamka kwamba sheria ya nchi yao ilikuwa imepotoka njia tangu rufaa ya Hong Kong ya 1984, kwa kuyafanya kuona kimbele na kukusudia kuwa kitu kimoja, ilhali kuona kimbele ni ushahidi tu wa kusudio. Jogee akasikilizwa upya, akaonekana na hatia ya kuua bila ya kukusudia. Furaha ya mawakili wetu naielewa, walakini naona haikuwa na msingi, kwa sababu kilichorekebishwa kule ni kanuni iliyotungwa na majaji, ambayo majaji wana uwezo wa kuitangua, na kilichopo kwetu ni kifungu kilichotungwa na Bunge. Hata Hong Kong na Australia wenyewe, mwaka ule ule, walikataa kuifuata njia hiyo. Atakaye kukiondoa kifungu cha 23 na aende Dodoma, si London.

Na hapo ndipo tukutanapo na rufaa ya Tabulayenka mwana wa Kirya ya mwaka 1943, ambayo mwanasheria wa Afrika ya Mashariki aijua kama ajuavyo jina lake. Mtu aliyeitwa mwizi alipigwa na kundi mpaka akafa, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba nia ya pamoja haihitaji mapatano ya kabla. Yaweza kukisiwa kutokana na kuwapo kwa washtakiwa mahali hapo, kutokana na vitendo vyao, na kutokana na kutojitenga kwao na shambulio lile. Sehemu mbili za mwanzo sina ugomvi nazo. Ile ya tatu ndiyo ambayo kwa muda wa miaka themanini imewatia watu kitanzini, maana imeupindua mzigo: badala ya Serikali kuonyesha kwamba mtu alijiunga, mtu anatakiwa kuonyesha kwamba alijitenga. Sasa mtu hujitenga vipi na kundi lenye marungu na mawe usiku, katika kijiji chake mwenyewe, mbele ya watu atakaoamka nao kesho? Akinyamaza, amekubali, akikimbia, amekimbia kwa sababu ana hatia, akibaki na kumfunika maiti kwa kanga, alikuwapo.

Watu wa pwani waliosoma fikihi watanikumbusha, na wana haki, kwamba jambo hili lilikwisha kujadiliwa karne nyingi kabla ya Griffith na Queensland yake. Imepokewa kwamba Sayyidna Omar aliwahukumu kifo watu kadhaa waliomwua mtu mmoja kwa hila, akasema kwamba lau watu wote wa mji wa Sanaa wangalishirikiana kumwua, angaliwaua wote. Na mafakihi wengi wakaifuata hukumu hiyo kwa hoja ambayo bado haijapata jibu, ya kuwa kisasi kikianguka kwa sababu ya wingi wa wauaji, basi kila atakaye kuua atatafuta mwenzi. Lakini mafakihi hao hao walikuwa na kanuni ya Qurani kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, ndiyo maana wakaingia katika tafsili ndefu: kila mmoja wa wale wengi alitia jeraha gani, na je, jeraha lake peke yake lingeua? Aliyemshika mtu ili mwingine amwue, wengine walisema afungwe mpaka afe na wengine wakamtia katika kisasi. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba ukali juu ya ushirika na uangalifu juu ya nafsi moja vyaweza kukaa katika madhehebu moja bila ya kugombana.

Ukali huo una haja yake, na hapana mahali paionyeshapo vizuri kuliko Rwanda. Mauaji ya 1994 yalitendwa na wengi: aliyetoa amri hakushika panga, aliyeshika panga hakuandika orodha, aliyeandika orodha hakusimama kwenye kizuizi cha barabara, na lau kila mmoja angehukumiwa kwa kile tu ambacho mkono wake ulikigusa, wakubwa wangetoka wote. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyoundwa kwa azimio nambari 955 la tarehe 8 Novemba 1994, haikuwa na neno la ushirika wa jinai katika hati yake. Ilikuwa na kifungu cha 6 tu, kinachotaja kupanga, kuchochea, kuamrisha, kutenda na kusaidia. Nadharia yenyewe ilitoka The Hague, katika hukumu ya rufaa ya Tadić ya tarehe 15 Julai 1999, pale majaji walipomtia hatiani mtu wa Bosnia kwa vifo vya watu watano wa kijiji cha Jaskići, si kwa kuwa alionekana akiwaua bali kwa kuwa alikuwa katika kundi lenye silaha lililokipita kijiji hicho kwa azma ya kuwafukuza wenyeji, na vifo vilikuwa ni jambo ambalo mtu angeliona kimbele. Ndugu yake Griffith, kwa kweli, ila huyu amevaa joho la kimataifa. Kutoka hapo nadharia ikafika Arusha, ambako Desemba 2005 Luteni Kanali mstaafu Aloys Simba alihukumiwa miaka 25 kwa kushiriki katika mauaji ya Gikongoro.

Lakini kesi ambayo kila mtetezi wa eneo letu angepaswa kuisoma mara mbili inaihusu Gisenyi yenyewe. Protais Zigiranyirazo, ndugu wa mke wa Rais Habyarimana na aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Ruhengeri, alikamatwa Ubelgiji mwaka 2001, akashtakiwa Arusha. Na tarehe 18 Desemba 2008 mahakama ya mwanzo, ambamo alikuwamo Jaji Lee Muthoga wa Kenya, ikamtia hatiani kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa la ushirika wa jinai: kwamba tarehe 8 Aprili 1994 alifika katika mlima wa Kesho, komini ya Gaseke, mkoa wa Gisenyi, ambako Watutsi kwa mamia walikuwa wamekimbilia, na kwamba kuwapo kwake na maneno yake kulimfanya mshirika wa waliowaua. La pili lilikuwa kusaidia mauaji kwenye kizuizi cha Kiyovu mjini Kigali, tarehe 12 na 17 Aprili. Adhabu ikawa miaka 20.

Utetezi wake, ulioongozwa na wakili John Philpot wa Kanada, haukusema kwamba hakuna watu waliouawa Kesho. Hilo lishikwe vema, maana wako wenye kuchanganya, wengine kwa ujinga na wengine kwa makusudi, baina ya kumtetea mtu na kuukana msiba. Watu waliuawa Kesho, na hapana hukumu yoyote iliyosema vingine. Kilichosemwa na utetezi ni kwamba siku ile ya tarehe 8 mtu huyu alikuwa Kanombe, Kigali, katika makazi ya Rais pamoja na familia iliyofiwa, na kwamba katika zile siku za Kiyovu alikuwa Rubaya, penye kiwanda cha chai huko Gisenyi. Mashahidi wengi walikuwa jamaa zake, na mahakama ya mwanzo ikawatilia shaka kwa sababu hiyo na nyinginezo.

Tarehe 16 Novemba 2009 majaji wa rufaa, wakiongozwa na Theodor Meron, walitangua hatia zote wakaamuru aachiliwe. Sababu zao ni darasa kamili. Walisema mahakama ya chini iliupotosha mzigo wa ushahidi, kwa kumtaka mshtakiwa athibitishe kutokuwepo kwake, ilhali mshtakiwa hana wajibu ila wa kuleta uwezekano wa maana kwamba hakuwapo, na ni juu ya upande wa mashtaka kuubomoa uwezekano huo. Walisema ushahidi wa kimazingira uliosadikisha kukaa kwake Kanombe haukupimwa. Na juu ya Kiyovu walisema jambo ambalo kwa unyenyekevu wake lanipendeza kuliko yote: mahakama ilikuwa na ushahidi mwingi, wa pande zote mbili, kuhusu muda wa kusafiri kutoka Rubaya hadi Kiyovu katika siku zile za vita na vizuizi, na majaji walikuwa wameizuru Rwanda na kujionea wenyewe, lakini hukumu haikusema hata kidogo safari hiyo ingechukua muda gani. Nadharia kubwa ya ushirika, iliyotoka The Hague ikiwa na juzuu na juzuu za fikira za maprofesa, ilikwamia barabarani milimani. Ikiwa gari haliwezi kuondoka Rubaya saa ile na kufika Kiyovu saa hii, hapana azma ya pamoja itakayolifikisha.

Liko jingine katika kesi hiyo hiyo ambalo halitajwi sana. Mnamo Juni 2006 shahidi mkubwa wa mashtaka, Michel Bagaragaza, aliyekuwa mkuu wa idara ya chai, alisikilizwa The Hague, na mshtakiwa akaachwa Arusha amtazame kwa njia ya video. Majaji wa rufaa waliamua mwezi wa Oktoba mwaka huo kwamba haki ya mtu kuwapo anaposhtakiwa ilikuwa imevunjwa, na ushahidi ule ukaondolewa. Watu wengine watauona huo ni ushikiliaji wa vijambo. Mimi nauona ni moyo wenyewe wa utetezi, kwa sababu katika kesi ya ushirika shahidi mkubwa aghlabu ni mshirika, mtu ambaye kila jina analolitaja humpunguzia mzigo wake. Na mtu wa namna hiyo yafaa aseme akimtazama usoni yule anayemtaja.

Wala Zigiranyirazo hakuwa peke yake. Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva, kamanda wa jeshi katika Gisenyi, alihukumiwa maisha tarehe ile ile ya 18 Desemba 2008, kwa mambo ya mji wa Gisenyi, Nyundo, Mudende na hata Bisesero. Na rufaa ya tarehe 14 Desemba 2011 ikayapukutisha, ikambakishia dhima ya mkuu ambaye askari wake waliua mjini Gisenyi tarehe 7 Aprili, ikampa miaka 15 ambayo alikuwa amekwisha kuitumikia.

Kwa upande wa Kongo, kesi ya kijiji cha Bogoro huko Ituri, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003, inatufundisha hatari nyingine. Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo walishtakiwa pamoja mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Novemba 2012, baada ya ushahidi wote kusikilizwa na Katanga mwenyewe kukwisha kutoa maelezo yake kizimbani, majaji wengi waliamua kuzitenganisha kesi na kulibadili jina la dhima yake: kutoka mtendaji aliyetumia watu wengine, akawa mchangiaji katika jinai ya kundi. Ngudjolo akaachiliwa Desemba ile. Katanga akatiwa hatiani Machi 2014, akapewa miaka 12. Jaji Christine Van den Wyngaert alipinga, na mimi niko pamoja naye. Mtu hawezi kujilinda na mlango ambao umejengwa baada ya yeye kulala.

Narudi Rubavu, kwa sababu huko, kama kwingineko Rwanda, kesi nyingi za ushirika hazikwenda Arusha. Zilikwenda gacaca, mahakama za mlimani zipatazo 12,000, ambazo zilifungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi karibu milioni mbili. Hazikuwa na mawakili. Mashtaka mengi yalikuwa ya igitero, yaani kundi la shambulio, na sheria ilidai kwamba mwenye kukiri, ili kukiri kwake kukubaliwe na adhabu ipunguzwe, awataje wenziwe walioshirikiana naye. Siwalaumu Wanyarwanda kwa njia hiyo. Palikuwa na watu zaidi ya laki moja magerezani na mawakili wa kuhesabika, na nchi iliyoona yale ilikuwa na haki ya kutafuta njia yake, nayo njia hiyo iliwawezesha wengi kujua wafu wao walilala wapi. Nasema tu kwamba orodha itolewayo na mtu anayenunua miaka yake kwa majina ni ushahidi unaotakiwa kushikwa kwa koleo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, katika kifungu chake cha 33, yasema kwamba hatia ya mtu isijengwe juu ya ungamo la mshtakiwa mwenziwe peke yake, na laiti kanuni hiyo ingalibandikwa ukutani katika kila mahakama ya eneo hili.

Nisisahau kutaja kwamba nchi hiyo ilikwisha kuionja dhima ya ushirika katika sura yake mbaya kabisa kabla ya 1994: Oktoba 1990, baada ya vita kuanza, maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikamatwa wakiitwa ibyitso, washirika wa adui, kwa kuwa tu walikuwa wa kabila lile au walijuana na mtu fulani. Wengi waliachiliwa baada ya miezi kwa kukosekana ushahidi.

Na mtetezi mwenyewe hutiwa katika kundi. Kesi za kwanza za mauaji ya kimbari zilipoanza Rwanda mwishoni mwa 1996, sheria iliruhusu wakili lakini si kwa gharama ya Serikali, na chama cha mawakili cha Kigali kikaundwa mwaka uliofuata tu. Ikabidi mawakili wa shirika la Avocats Sans Frontières waje kutoka nje, kwa sababu wa ndani walikuwa wachache na wengine, kwa jambo lisiloshangaza, hawakuweza kukaa upande ule wa chumba. Hata Mei 2010 wakili wa Kimarekani Peter Erlinder, aliyekuwa mtetezi Arusha, alitiwa kizuizini Kigali kwa tuhuma za kuukana msiba, akatoka mwezi uliofuata. Sikubaliani na mengi aliyoyaandika mtu huyo. Lakini wakili ambaye ni lazima apime kila hoja ya mteja wake kwa kipimo cha usalama wake mwenyewe hawezi kuitoa kwa ukamilifu.

Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, ubaya uliopo ni wa kawaida zaidi, na kwa hiyo haumshtui mtu. Washtakiwa watano wa kesi ya mauaji hupewa wakili mmoja wa kulipwa na Serikali, ambaye hukutana nao siku ya kesi, korido, dakika chache kabla ya jaji kuingia. Wakili huyo afanye nini na wale vijana wetu wa Busasamana? Utetezi wa wale wawili wa nyuma ni kwamba hawakuwapo na kwamba aliyepiga ni fulani. Fulani huyo ameketi kwenye benchi hilo hilo, naye ni mteja wake vilevile. Akimsema, amemsaliti mmoja. Akinyamaza, amewazika wawili. Basi huchagua utetezi wa jumla, kwamba hapana aliyekuwako, utetezi ambao hauna mtu wa kuuamini, na kwa njia hiyo wakili mwenyewe analikamilisha lile ambalo mwendesha mashtaka alilianza, la kuwafanya watano wawe mtu mmoja. Na Tanzania mtu huyo mmoja mwenye vichwa vitano hupewa adhabu ya kifo ambayo jaji hana hiari nayo. Kenya iliondoa ulazima huo kwa hukumu ya Muruatetu ya Desemba 2017, ambayo nayo, si ajabu, ilizaliwa na kesi ya watu kadhaa waliohukumiwa pamoja. Uganda ilitangulia kwa Kigula, 2009. Na Rwanda, ambayo tarehe 24 Aprili 1998 iliwapiga risasi watu 22 hadharani, iliifuta adhabu ya kifo yote pia mwaka 2007.

Utetezi ulio bora huanza kwa mambo madogo madogo. Kamba ya mzigo ilifunguka wapi? Nani aliyeiona? Hatua mia mbili katika njia ya mawe ya volkeno, usiku, na kilo hamsini mgongoni, ni dakika ngapi? Panga lilionekana mkononi wakati wa kuondoka, au lilikuwa ndani ya robota? Je, kundi hilo lilipata kukutana na irondo siku za nyuma, na likafanya nini, likapigana au likatupa mizigo na kukimbia? Ikiwa desturi ilikuwa kukimbia, basi kuua hakukutazamiwa hata kwa kipimo cha Griffith. Wakili ambaye hajaipita njia hiyo kwa miguu yake hana la kumwambia jaji isipokuwa maneno ya vitabuni, na mwendesha mashtaka anavyo vitabu vile vile.

Haya yote yasimfanye msomaji adhani kwamba kuachiliwa ndiko mwisho wa safari. Zigiranyirazo alikaa Arusha zaidi ya miaka kumi baada ya hukumu yake ya rufaa, akiwa mtu huru asiye na nchi ya kumpokea. Desemba 2021 yeye, Nsengiyumva na wengine sita walipelekwa Niger kwa mapatano na Umoja wa Mataifa, na kabla ya mwezi kwisha Serikali ya Niger ikaamuru waondoke.

Ombi langu ni la namna mbili. Kwa watunga sheria wa Dodoma, Nairobi na Kampala: kifungu cha nia ya pamoja kirekebishwe, ili katika shtaka la kuua mtu asitiwe hatiani ila imethibitika kwamba yeye mwenyewe alikusudia kifo au madhara makubwa, au alisaidia akijua kwamba mwenziwe amekusudia. Na kwa mahakimu wa Rubavu na wa kwingineko, ambao hawahitaji kungoja Bunge lolote: katika hukumu ya kesi ya wengi, kila mshtakiwa na apewe ukurasa wake, wenye jina lake, saa yake na kitendo chake, na yule ambaye ukurasa wake utabaki mtupu, aachiliwe siku hiyo hiyo.